Maktaba ya chuo iwafungulie wananchi mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niusihi uongozi wa chuo kimoja hapa Mtwara urejeshe shughuli za Jumamosi katika maktaba yake, zilizosimama tangu msimu wa korosho ulipoanza. Watoto walikuwa wakisomewa hadithi wakiwa wameketi mkekani, na siku moja mzee mchongaji, vumbi la mpingo likiwa bado vidoleni, aliwaeleza kwa Kimakonde jinsi kinyago kinavyoanza kuchongwa, huku wanachuo wakiandika kila neno; daftari lile, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko vitabu vingi vilivyomo rafuni. Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai. Mlango ufunguliwe kabla ya hapo, na wazee waalikwe rasmi.

Msomaji wako,
Mtwara