Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitabu vya Picha vya Maisha ya Wanasayansi Katika Kipindi cha Sayansi

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ya utendaji ishughulikie jambo moja kabla ya mengine yote: vitabu vya picha vinavyosimulia maisha ya wanasayansi visiishie kwenye rafu ya maktaba, bali viingie kwenye kipindi cha sayansi. Taarifa hii inaeleza tulipofika. Hesabu za fedha zimo kwenye ripoti ya mweka hazina, na mambo ya uanachama atayasoma katibu.

Sababu ya agizo lile tunaijua sote. Mwambie mtoto achore mwanasayansi, na mara nyingi utaletewa mwanamume aliyevaa koti jeupe na miwani, mkononi ana chupa inayofuka moshi. Mwaka 1983 David Chambers alichapisha utafiti wake wa michoro ya watoto 4,807. Wanasayansi wanawake waliochorwa walikuwa 28 tu, na wote walichorwa na wasichana. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba wanawake sasa wanachorwa zaidi, ila kadiri watoto wanavyokua ndivyo wanavyorudia kuchora wanaume. Ndiyo maana tumeweka nguvu zetu kwenye madarasa ya chini, kabla picha hiyo haijakomaa vichwani mwao.

Nianze na lililonifurahisha kuliko yote. Katika ziara za madarasa nilikaa kwenye kipindi cha mzunguko wa maisha ya kipepeo, mwalimu akitumia kitabu cha maisha ya Maria Sibylla Merian. Huyu alizaliwa Frankfurt mwaka 1647, na alipokuwa na umri wa miaka 13 alikuwa ameshaanza kufuga viwavi vya hariri na kuchora kila hatua aliyoiona, zama ambazo watu wengi waliamini kwamba wadudu huzuka wenyewe kwenye tope na uozo. Mwalimu hakusoma kitabu kizima. Alifungua ukurasa mmoja wenye kiwavi, pupa na kipepeo juu ya mmea mmoja, akauliza: “Kwa nini amechora na majani?” Watoto wakajibu kwamba ni kwa ajili ya kupendezesha. Mwalimu hakuwasahihisha. Akawagawia makopo yenye kiwavi na majani ya aina mbili: ya mmea ambao kiwavi aliokotwa juu yake, na ya mmea mwingine. Kesho yake jani la kwanza lilikuwa limebaki mishipa mitupu, la pili halijaguswa. Mtoto mmoja alikifuata kitabu mwenyewe, akaweka kidole juu ya lile jani lililochorwa na kusema, “Hiki ndicho chakula chake!”

Hapo ndipo ulipo msimamo wa kamati, na ningependa mkutano huu uujadili kwa uzito. Kitabu cha maisha ya mwanasayansi kina haki ya kuingia kwenye kipindi cha sayansi pale tu kinapompeleka mtoto kwenye kutazama, kupima au kuuliza. Kikisomwa, kikafungwa, na watoto wakaulizwa mwaka wa kuzaliwa, hilo ni somo jingine.

Wapo wanachama waliolalamika kwamba usomaji unakula muda wa majaribio. Malalamiko yao ni ya haki. Walimu waliofanikiwa wamegawa kazi: hadithi nzima inasomwa kwenye kipindi cha lugha, na sayansi inachukua kurasa mbili tu, zile zenye ushahidi.

Kuhusu uteuzi wa vitabu, tumekutana na vizuri na vibaya. Vipo vinavyomwonyesha Newton akipigwa kichwani na tofaa. Newton mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba aliliona tofaa likianguka. La kumpiga kichwani limeongezwa na wengine. Vipo vinavyowawekea wahusika maneno ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Tusivitupe vitabu vya namna hii kwa pupa, maana darasa la nne linaweza kabisa kuulizwa: mwandishi amejuaje hili? Lakini mwalimu lazima awe amekisoma kwanza, pamoja na maelezo ya mwandishi yaliyo kurasa za mwisho, ambayo wengi huyaruka.

Kinachonisumbua zaidi ni vitabu vinavyomfanya mwanasayansi kuwa mtu aliyezaliwa na akili zisizo za kawaida. Mtoto anayehangaika na kugawanya atajiona wapi humo? Mwaka 2016 Xiaodong Lin-Siegler na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa sekondari nchini Marekani. Waliosoma jinsi Einstein, Marie Curie na Michael Faraday walivyohangaika walipata alama bora za sayansi kuliko waliosoma mafanikio yao matupu, na waliofaidika zaidi ni waliokuwa nyuma. Wanafunzi wale walikuwa wakubwa kuliko wetu, lakini naamini funzo linatuhusu.

Kwa sababu hiyo napenda maisha ya Wilson Bentley, mkulima wa jimbo la Vermont, Marekani, aliyefunga kamera kwenye hadubini na kushindwa mara nyingi kabla ya kupata picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji, Januari 1885. Hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Alisema hakuna chembe mbili zinazofanana. Je, picha 5,000 zinatosha kusema hivyo? Hilo swali watoto wa miaka tisa wanaweza kubishana juu yake kipindi kizima, na hata pasipo na theluji wanaweza kuchunguza fuwele za chumvi kwa lenzi.

Rafu zetu bado zimeelemea kwa Einstein na Edison. Tunahitaji zaidi Mary Anning, binti wa seremala aliyefukua visukuku vya wanyama wa baharini, Ibn al-Haytham na majaribio yake ya mwanga, Katherine Johnson, mwanahisabati wa shirika la anga la Marekani (NASA), na Wangari Maathai. Tunahitaji pia wanasayansi walio hai, ambao watoto wanaweza kuwaandikia barua.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini ya mambo mawili. Kwanza, iundwe kamati ndogo ya kuteua vitabu, nusu yake wakiwa walimu wanaofundisha madarasa ya chini kwa sasa. Pili, kila kitabu kitakachoingia kwenye sanduku letu la kuazimana kiwe na karatasi moja ndani yake: kurasa zipi zifunguliwe, swali gani liulizwe, na watoto wafanye nini kwa mikono yao. Karatasi hizo ziandikwe na wanachama waliokwisha kujaribu kitabu hicho darasani. Walio tayari wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa.