Mipaka ya kaunti iamuliwe na tume, si na wanasiasa

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti zenu za mvutano wa mpaka wa Kisumu na Vihiga pale Maseno. Wengi wanaulaumu ugatuzi, yaani mfumo wa kuzipa kaunti mamlaka, lakini kidonda hiki ni cha zamani. Kaunti zetu 47 za Kenya zilitokana na wilaya za Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992. Baadaye wilaya nyingine chungu nzima zikatangazwa majukwaani kama peremende za kampeni, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2009 kwamba hazikuwa halali. Katiba ya 2010 nayo iliorodhesha majina ya kaunti tu. Mistari yenyewe haikuichora.

Matokeo yake ni kichekesho. Maseno, ikweta ambayo hakuna aliyeichora ina alama barabarani na wageni husimama kupiga picha, ilhali mpaka wa kaunti kila mtu anauonyesha kwa kidole chake. Kule Mackinnon Road, Kwale na Taita Taveta wanavutana vivyo hivyo, na mwenye kibanda ndiye anayebaki akijiuliza leseni akalipie upande gani.

Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru ipendekeze mabadiliko, kisha yaungwe mkono na thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na Seneti. Tume hiyo iundwe mapema, kabla ya joto la uchaguzi, na wapimaji waende uwanjani na ramani za 1992 pamoja na wazee wa pande zote mbili.

Msomaji wenu,
Luanda, Vihiga