Damu ya mgonjwa isipimwe kabla ya wakati

Mhariri,

Hapa Nairobi, mgonjwa aliyeganda damu kwenye vena za ubongo akilazwa tu, huenda akaandikiwa kupimwa protini C, protini S na antithrombini, yaani protini za mwili zinazozuia damu kuganda, papo hapo. Ni kutupa pesa. Bonge la damu lenyewe huzitumia protini hizo, heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda) hushusha antithrombini, warfarini (vidonge vya kazi hiyohiyo) hushusha C na S, na ujauzito hushusha S. Majibu yakirudi chini, mtu huambiwa ana ugonjwa wa kurithi ambao labda hana, na dada zake wakatiwa hofu bure. Afadhali kusubiri miezi 3, warfarini ikiwa imesimamishwa na daktari kwa wiki 2 au zaidi, na majibu ya chini yarudiwe. Faktori V Leiden, kasoro ya jeni ya kurithi inayofanya damu igande upesi, hupimwa wakati wowote, ila ni nadra sana kwa Waafrika weusi.

Kisichongoja ni picha. Kichwa kinachouma na kuzidi siku hadi siku, hasa ukilala, kwa mama aliyejifungua karibuni au anayemeza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kinahitaji CT au MRI ya vena. CT ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa.

Heparini huanzishwa hata damu ikiwa imevuja kidogo ubongoni. Wengi huishangaa, lakini vena iliyoziba ndiyo inayoivujisha.

Na sukuma wiki, ambayo vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarini? Iliwe, kiasi kilekile kila wiki, INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ikae kati ya 2 na 3.

Msomaji,
Nairobi