Kaka, mkanda haufuati kifua

Kaka yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti kutoka Muscat umenifika. Mama hukumuulizia, lakini hilo tutalisema siku nyingine. Unasema Oba Femi apewe mkanda mkubwa wa WWE, ile kampuni ya mieleka ya Marekani, hata kesho, maana mtu mwenye kifua kile haombi, anachukua. Ukamalizia kwa kicheko: "Huyu ndiye bingwa wa Kiafrika, siyo yule wako."

Yule wangu, Kofi Kingston. Miaka yote hii imepita na bado unamwita yule wangu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu na wewe uliwahi kunisema mbele za watu.

Nianze na pale tunapokubaliana. Oba Femi anastahili. Mtoto wa Lagos, mrusha tufe wa chuo kikuu huko Alabama, aliingia mieleka bila baba wala mjomba aliyemtangulia ulingoni. Januari 2024 akamvua Dragon Lee mkanda wa North American kule NXT, ngazi ya chini ya WWE wanakokuzwa wapya, akakaa nao siku 273 na kuweka rekodi. Januari 2025 akachukua mkanda mkuu wa NXT kutoka kwa Trick Williams. Hayo unayajua, umenisomea yote kama tasbihi. Ila kuna kitu hukioni, kwa sababu tangu tukiwa kwenye kibanda umiza pale Makorora wewe huwa unamtazama yule anayepiga tu. Ulikuwa wa Batista, ukaja kuwa wa Brock Lesnar. Mimi nilikuwa wa Mysterio, na uliniambia mtu mfupi namna ile hawezi kuwa bingwa wa dunia, wakati mkanda alishauchukua 2006, kanda tunayo nyumbani.

Mtazame Oba Femi anapopigwa. Mtu wa umbo lile angeweza kusimama kama nguzo, mwenzake apige mpaka achoke, na watu wangeshangilia. Yeye hafanyi hivyo. Akipigana na mdogo, teke la kwanza halimtikisi, la pili linamrudisha nyuma hatua, la tatu linampeleka kwenye kamba. Anampa mwenzake nafasi ya kuaminika. Ndiyo maana anapombeba na kumbwaga, ukumbi mzima unasimama. Huo ni ufundi, kaka, hauko kwenye kifua.

Najua utakachosema, ulikuwa unakisema kila siku: "Si yamepangwa? Kama yamepangwa, kustahili kunatoka wapi?" Naam, mshindi hupangwa kabla, na hakuna mtoto wa Makorora asiyejua. Lakini hapo ndipo neno kustahili linapokuwa zito. Mkwakwani timu ikifunga bao la mkono na mwamuzi asione, pointi tatu ni zake, ubishi tunaubeba mpaka Ngamiani na msimamo haubadiliki. Kwenye mieleka hakuna bao la kujifichia. Kuna watu wanaokaa kwenye chumba wakaamua: tumpe nani? Na kabla ya kuamua wanaangalia nani anauza tiketi na fulana, nani akishika kipaza sauti watu wananyamaza, na nani anaanguka mwaka baada ya mwaka bila kumvunja mwenzake shingo. Hilo la mwisho ndilo kubwa, na ndilo lisilopigiwa makofi.

Sasa Kofi Kingston. Mzaliwa wa Ghana, akaingizwa kwenye televisheni Januari 2008 kama Mjamaika, eti ndivyo watu watakavyompenda. Akavumilia. Mwanzoni mwa 2010 Randy Orton akamfokea ulingoni mbele ya kamera, akimwita mjinga kwa kosa la sekunde moja, na wengi tunaamini mlango wake ulifungwa siku ile. Akavumilia. Mwaka 2012 kwenye Royal Rumble, ile mechi ambayo ukitupwa nje miguu ikagusa chini umetoka, alitupwa nje, akatembea kwa mikono kama mtoto anayecheza ufukweni mpaka akarudi, miguu isiguse chini. Wewe ulicheka ukasema huyo ni wa kuchekesha watu. Kisha akiwa na Big E na Xavier Woods, mkanda wa timu wakaushika siku 483. Ukasema ni kundi, siyo yeye.

Februari 2019 Mustafa Ali akaumia, Kofi akaitwa kuziba pengo. Kuziba pengo tu. Usiku ule akapigana zaidi ya saa moja, akimaliza mmoja anakuja mwingine, na alianza kwa kumwangusha Daniel Bryan, bingwa mwenyewe. Watu ndio walioanza kupiga kelele, siyo ofisi. Ofisi iliendelea kumwekea vikwazo: Machi akapigana na watu watano na kuwashinda wote, Vince McMahon, bosi wa WWE wakati ule, akamletea wa sita. Hadithi ilipangwa, sawa, lakini kelele za wale watu hazikupangwa na yeyote. Miaka kumi na moja mtu anawainua wenzake kwa kuanguka vizuri, halafu unasema alipewa kwa huruma?

Aprili 7, WrestleMania ya 35, onyesho lao kubwa la mwaka, New Jersey. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Baba alikuwa kitandani, upande wa kulia umeshakufa kwa kiharusi, nami nimeshika simu mbele ya uso wake, bundle inakwenda. Kofi alipomlaza Bryan na mwamuzi akafika tatu, wanawe wakapanda ulingoni. Baba alinyanyua mkono wa kushoto, ule mzima. Hukuwepo. Ulikuwa Dar, na sikulaumu kwa hilo, kazi ni kazi.

Ninalokulaumu ni lile la Oktoba.

Unajua ninalosema. Harusi ya mtoto wa mama mdogo, Jumamosi ile, turubai mbele ya nyumba. Alfajiri yake kwa saa zetu, huko Los Angeles, Lesnar alikuwa amemmaliza Kofi hata sekunde kumi hazijafika. Nilikuwa naingia na sinia la pilau kwa wanaume. Ulikuwa umesimama katikati ya meza, simu juu, unawaonyesha watu ile video tena na tena. "Huyu ndiye bingwa wa dada yangu. Kapewa kwa huruma, kanyang'anywa kwa haki." Watu wakacheka. Ungeishia hapo ningecheka nami. Ukaongeza: "Na karakana ya mzee itakwenda hivyo hivyo. Mwanamke kapewa kwa huruma."

Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, hatua chache tu kutoka uliposimama. Alisikia. Mdomo wake ulitaka kusema na ulimi ukakataa. Nimeliona lile jicho, wewe ulikuwa unaangalia simu.

Wasomaji wangu mtaniwia radhi, haya ni ya ndani. Lakini ndiyo haya.

Karakana ile ya baiskeli Baba aliniandikia akiwa hai, akili zake timamu, mbele ya mashahidi. Siyo kwa huruma. Ulipoondoka kwenda kusoma, na mimi nilikuwa nasoma, nikitoka shule ya mchana napita Barabara ya Kumi na Mbili kumshikia rimu. Nilijifunza kuziba tyubu kabla sijajua kupika wali. Nilinyoosha rimu kwa kusikiliza spoku zikilia, maana Baba hakuamini macho. Wateja walimwambia, "Mzee, huyu binti ataharibu," naye akawa anawapa baiskeli zao nilizotengeneza bila kuwaambia mkono wa nani umeshika spana, nao wanarudi kusifu. Sikulalamika. Sifa zilikwenda kwake na nilitaka ziende kwake. Alipougua, wewe ulituma pesa, Mungu akulipe, dawa zilinunuliwa kwa pesa hizo na sitakuja kulikana. Lakini kufungua mlango asubuhi, kubishana na wauza vipuri, kumgeuza Baba kitandani kisha kurudi kwenye giresi, hayo pesa hazifanyi.

Ukaja na hoja kwamba wewe ni mwanamume, ni mkubwa, una nguvu. Kifua kile kile.

Nikushauri kidogo, maana u shabiki na hujifunzi. Cody Rhodes alipofika mbele ya bingwa Roman Reigns 2023 watu wote walijua anastahili, akashindwa. Akarudi 2024 Philadelphia akamaliza kazi, na Reigns alikuwa ameshikilia ubingwa siku 1,316. Kupoteza kule hakukumpunguzia kitu. Na kwa Oba Femi usiwe na haraka. Mwache naye apoteze mechi kubwa, tuone anarudi vipi. Ukimpa kila kitu kwa sababu ya mwili, siku atakapokuja mwenye mwili zaidi utamnyang'anya kwa sababu hiyo hiyo, kama ulivyomfanyia Kofi. Siku zile 180 alizokuwa bingwa wewe ulizihesabu kwa zile sekunde za mwisho. Mimi karakana naiendesha bado, iko wazi leo, nina vijana wanaojifunza kwangu, na mmoja ni mtoto wa yule mzee aliyecheka kuliko wote chini ya turubai.

Nakupenda, kaka. Ni wewe uliyenilipia kibanda umiza nilipokuwa sina hata senti. Ni wewe uliyempiga yule kijana wa Chumbageni aliyeniita tomboi. Ndiyo maana lile neno halitoki: lingesemwa na mtu mwingine ningelisahau kabla pilau haijapoa.

Baba hayupo wa kumwomba radhi. Ila watu wa turubai lile wengi wapo, bado wanakaa baraza ile ile baada ya alasiri. Ukija Idi, kabla hujafika kwangu, pita hapo. Waambie Oba Femi anastahili, nitakuunga mkono. Kisha uwaambie na Kofi alistahili, na uwaambie Baba alijua anampa nani.

Mdogo wako,
Tanga