Risala ya wahitimu wa Stashahada ya Utabibu kwa Mgeni Rasmi, siku ya mahafali, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi wetu, shikamooni. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, hamjambo?

Tunakushukuru kwa kuja. Habari za bweni jipya, maji na idadi yetu Mkuu wa Chuo ameshazieleza, hatutazirudia. Sisi tumeomba dakika chache tuseme jambo moja: kichwa cha binadamu.

Mwaka jana baadhi yetu tulipangiwa mazoezi katika hospitali moja ya wilaya. Jioni moja akaletwa kijana wa bodaboda aliyeanguka bila helmeti. Alikuwa anaongea. Aliuliza pikipiki iko wapi, akaomba simu ampigie tajiri wake. Baada ya kama saa moja akaanza kusinzia. Mwenzetu akammulika machoni kwa tochi ya simu: mboni ya kushoto ikanywea, ya kulia imetanuka, haishtuki. Maana yake tuliijua, ilikuwemo kwenye mtihani. Damu inajaa kati ya fuvu na utando wa ubongo, na ubongo unasukumwa pembeni. Tiba yake ni kufungua fuvu damu itoke, na mapema. Sisi tulikuwa na dripu, oksijeni na fomu ya rufaa. Gari lilipata mafuta baada ya saa mbili. Kijana hakufika.

Mheshimiwa, mjini hapa tuna hospitali ya rufaa ya KCMC tangu mwaka 1971, na tunajivunia. Lakini damu haisubiri mgonjwa ashuke kutoka Rombo au apande kutoka Same. Na si sisi peke yetu. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 yanasema kila mwaka wagonjwa zaidi ya milioni 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati wanahitaji upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu na hawaupati. Bingwa mmoja anahitaji miaka mitano ya udaktari, mwaka wa mazoezi, kisha miaka mingine ya ubingwa. Anayedondoka leo hana miaka hiyo.

Wapo ambao hawakusubiri. Mwaka 2006, katika Hospitali ya Haydom kule Mbulu, bingwa kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alianza kumfundisha upasuaji wa ubongo daktari msaidizi, yaani tabibu aliyeongezewa mafunzo. Zomba, Malawi, matabibu wamewawekea wagonjwa mipira ya kutoa maji kichwani. Hata Darwin, Australia, nchi yenye fedha zake, madaktari wa upasuaji wa kawaida wamefungua mafuvu kwa dharura kwa sababu bingwa alikuwa mbali, safari ya ndege. Nasi Tanzania tulianza kuwafundisha madaktari wasaidizi tangu miaka ya 1960. Akina mama wangapi humu ukumbini walijifungua mikononi mwa madaktari hao? Mafunzo ya ngazi ile yamesitishwa, na tunalisema hilo kwa uchungu kidogo, maana ndiyo ngazi tuliyokuwa tunaitazama.

Tusieleweke vibaya. Hatuombi tuachiwe vichwa vya watu. Mkufunzi wetu mmoja alinunua vichwa vya mbuzi buchani, akatupatia keekee ya mkono, ndugu wa ile ya fundi seremala. Unazungusha, mfupa wa juu unakataa, kisha ghafla unakuwa laini kama sponji, kisha mgumu tena. Hapo ndipo unatakiwa upunguze nguvu, kwa sababu chini yake ni utando. Wanne kati yetu sita waliupitiliza. Siku ile hakuna aliyekula supu.

Na hiyo ni kutoboa tu. Kutoboa wapi? Bila picha ya CT-Scan inayoonyesha ndani ya kichwa unakisia, na damu inaweza kuwa vidole vinne pembeni ya tundu lako. Akifa, nani anajibu? Tabibu aliyekabidhiwa kazi ya bingwa kisha akaachwa nayo peke yake amebebeshwa machela upande mmoja, na mgonjwa juu yake. Tunachotaka ni kushika pembe yetu, na bingwa naye ashike yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba kila kituo cha afya kiwe na mtu aliyefundishwa kupima fahamu za mgonjwa kwa alama, zile 15 zinazoshuka hadi 3, na kuzirudia kila nusu saa badala ya kuandika tu “amelala”. Tunaomba daktari wa hospitali ya wilaya afundishwe kutoa damu kichwani chini ya usimamizi wa bingwa, apewe kibali cha maandishi kinachosema anaruhusiwa nini na anakatazwa nini, na kila mgonjwa aliyemhudumia aandikwe, aliyepona na aliyekufa.

Mafuta ya gari la wagonjwa hatuna haja ya kuyaeleza.

La mwisho ni dogo. Tunaomba namba moja ya simu ya bingwa wa zamu, ibandikwe ukutani mapokezi, na ipokelewe hata saa nane usiku. Jioni ile tulipiga tatu, zote hazikupatikana.

Tunaomba kuwasilisha.