Barua kwa shoga yangu wa Tanga, ya kamera na mwanga

Shoga yangu,

Asalaam aleikum, mama hajambo? Huku Dar tupo, joto tu na foleni. Voisi noti zako zote nimezisikiliza nikaona bora nikuandikie, manake ya kusikiliza utasahau nusu, hii utairudia ukiwa na kamera mkononi. Hongera sana kwa kamera. Sony NX100 ni kamera ya kazi zetu hizi za kurekodi harusi, hata kama haina 4K usinyong'onyee, wateja wako wanaangalia kwenye simu na tv ya sebuleni, full HD inawatosha kabisa.

Umeniuliza hela iliyobaki ununulie taa gani ya juu ya kamera. Mi nakwambia taa iwe ya mwisho. Anza na betri, ile ndogo ya NP-F570 haikufikishi popote, tafuta NP-F970 mbili na chaja ya kuchaji zote kwa pamoja, afu uzuri wa hizi betri ni kwamba taa nyingi za LED zinatumia hizohizo kwa hiyo ukija kununua taa betri tayari unazo. Halafu stendi yenye kichwa cha mafuta (kinachogeuka taratibu bila kuruka) inayobeba kilo tano hivi, kamera ikivaa betri kubwa na maiki inapita kilo mbili, ukiiweka kwenye hizi stendi za simu ukigeuza tu picha inaruka. Na filta ya UV ya milimita 62, we uko baharini, chumvi ya upepo ikae kwenye filta wewe ufute filta, sio lenzi.

Kadi usinunue moja kubwa, nunua mbili za SDXC 64GB za klasi 10 kwenda juu (ndo kasi yake ya kuandika), kwenye XAVC S, aina ya faili la video, ya megabiti 50 kwa sekunde kila moja inachukua kama saa mbili na nusu. Kwanini mbili? Hiyo kamera ina nafasi mbili na inaweza kurekodi kote kwa pamoja. Kazi zetu ni za akina mama peke yao, singo, kitchen party, watu wamevua mabaibui, simu zimekusanywa mlangoni, mama wa biharusi roho inamdunda picha za mwanae zitaishia wapi. Shughuli ikiisha unachomoa kadi moja unamkabidhi mkononi palepale, nyingine unaenda kufanyia kazi. Mi hiki kitu nakipenda kuliko vyote kwenye hii kamera, manake anaondoka na chake na anakuamini.

Sasa mwanga, hapa ndo nataka unisikilize. Kamera ikiwa oto inatafuta wastani wa picha nzima, haijui biharusi ni yupi. Shela jeupe likijaa kwenye fremu yenyewe inaona mwanga umezidi inafunga airisi (tundu la lenzi la kupitisha mwanga), uso wa binti wa watu unakuwa giza macho hayaonekani, akisogea shangazi kavaa nyeusi inafungua, uso wa shangazi unakuwa kama kapakwa unga, na yote hayo mtazamaji anayaona yanapanda na kushuka kwenye shoti hiyohiyo moja. Kwa hiyo toa oto, airisi ushike mwenyewe, na unachopimia ni uso wa biharusi, sio ukumbi, sio gauni.

Washa zebra, ile mistari inayotokea kwenye skrini pale mwanga unapofika kiwango ulichoweka, 70 au 100 kwa mia. Utasikia watu wanakwambia weka 70 ijae usoni, hiyo ni ya ngozi nyeupe, ukiifuata kwa ngozi zetu utamchubua mtu rangi bila ridhaa yake. Mi naweka 70 ila nataka mistari itokee kidogo tu pale panapong'aa, ncha ya pua na juu ya paji, shavu lenyewe lisiwe na mstari hata mmoja. Afu nahamia kwenye 100 naangalia gauni, kama mistari imefunika shela lote nafunga airisi kidogo mpaka nyuzi za lesi zinarudi kuonekana. Dhahabu ikimetameta ikatoa zebra iache, dhahabu ni ya kumetameta. Na kumbuka wapambaji siku hizi wanamuweka biharusi fandesheni nyepesi kuliko shingo yake, kwa hiyo pima akishapambwa, usipime asubuhi.

Shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) iache 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbi zinapepesa kufuata umeme huo, ukiweka 1/60 unaweza kuona mistari inatembea kwenye picha. Angalia kabisa kwenye menyu iwe kwenye 50i (mfumo wa huku kwetu) sio 60i, hasa kama imetumika nje kabla ya kukufikia, na uhamishe picha zilizomo kwanza maana itataka kufomati kadi. Nje kwenye jua usipandishe shata, mikono ya wapiga ngoma itaonekana inakatakata, tumia swichi ya ND (filta ya giza iliyomo ndani ya kamera), 1/4 inapunguza stopu mbili (kila stopu inakata mwanga nusu), 1/16 nne, 1/64 sita. Jua la saa sita anza na 1/64, kwenye kivuli shuka, ilimradi airisi isipite f/8 (namba ikikua tundu linapungua) manake ukiibana sana picha inapoteza ukali.

Usiku geini (kamera kuongeza mwanga wa picha yenyewe) ianzie 0 dB. Kila dB 6 ni sawa na kufungua stopu moja, 9 bado picha safi, 18 chenga zimeshaingia. Na hapo ndo taa inapokuja, ila chukua ya kubadilisha rangi toka 3200K (ya njano) mpaka 5600K (nyeupe ya mchana), na CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi za kweli, iwe 95 kwenda juu, zile za bei chee zinaifanya ngozi nyeusi iwe ya kijivu na hakuna editi itakayoirudisha. Iwashe kidogo tu, kitambaa cheupe mbele, wageni wasifumbe macho. Kama ukumbi una balbu za njano na taa yako iwe njano, ndo upige waiti balansi (kuionyesha kamera nyeupe ni ipi) kwa karatasi nyeupe.

Sauti kwa kifupi, waya mmoja wa XLR (waya wa sauti wa pini tatu) toka kwenye miksa ya didjei, kamera iwe LINE (sauti ya mashine) sio MIC, chaneli ya pili iwe maiki yako ya juu ili vigelegele viingie.

Ile stendi niliyokutajia juu usinunue bado, ninayo ya zamani kichwa chake kizima kabisa, nikipata mtu wa basi la Tanga namkabidhi, we lipia mzigo tu ukifika. Shughuli yako ya kwanza lini? Nitumie kipande biharusi akiwa amekaa na kingine akiwa anatembea, tuangalie nyuso.

Shoga yako wa Dar