Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: damu huharibika kabla haijafika kwenye mashine

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa,
Dodoma.

YAH: UCHUKUAJI SALAMA NA SAHIHI WA SAMPULI ZA DAMU

Ndugu Mganga Mkuu,

Ninakuandikia nikiwa mteknolojia wa maabara mstaafu na mkazi wa Dodoma. Nimechagua barua ya wazi badala ya barua ya ofisini kwa sababu jambo hili linawahusu pia wagonjwa na wanaowasindikiza, ambao wakilijua watakuwa walinzi wa kwanza wa sampuli zao wenyewe. Sitataja kituo chochote, kwa kuwa ninayoyaeleza nimeyaona katika vituo vya serikali, vya dini na vya watu binafsi, na kukitaja kimoja kungekuwa ni kuvisafisha vingine.

Maabara zetu zimepata mashine nzuri. Zikiharibika huitwa fundi, zikiishiwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia, huandikwa barua, na kila asubuhi hupimwa kwa sampuli za udhibiti wa ubora kabla majibu yake hayajaaminiwa. Mkono unaochoma sindano hakuna anayeupima. Tafiti za maabara katika nchi nyingi zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla sampuli haijaingia kwenye mashine, yaani wakati wa kumtambua mgonjwa, kuchukua damu, kuandika lebo na kusafirisha, na hilo ndilo eneo ambalo wasimamizi hulitembelea kwa nadra. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hahitaji kuelezwa hili, kwani anajua kwamba zabibu iliyopondeka shambani haina kiwanda cha kuirudisha uzima.

Nianze na jina, kwa sababu hapo ndipo kosa dogo huua. Muuguzi hutoka mlangoni akaita "Mama Neema!", wakainuka wanawake wawili, na anayefika kwanza ndiye anayechomwa. Au humwinamia mzee aliyelala wodini akamuuliza, "Wewe ndiye Mzee Yohana?", naye mzee, ama kwa kuwa hakusikia vizuri, ama kwa kuwa malezi yake hayamruhusu kumbishia mtu wa koti jeupe, huitikia "ndiyo". Swali la namna hiyo lingepigwa marufuku. Mgonjwa aombwe kutaja mwenyewe majina yake yote matatu, kisha yalinganishwe na fomu na namba ya faili. Na kwa wazee wetu wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa, kijiji na jina la msindikizaji vitasaidia, ingawa haviwezi kuchukua nafasi ya namba ya faili. Lebo iandikwe baada ya damu kuingia kwenye chupa na kabla mgonjwa hajainuka kitini, ikiwa na majina, namba, tarehe na saa. Ule mtindo wa kuandika majina asubuhi kwenye chupa tupu na kuzipanga mezani zikisubiri wenyewe unaonekana kuokoa muda, lakini ndio njia fupi zaidi ya kumpa mtu majibu ya jirani yake.

Katika damu ya kuongezewa hatari hiyo haina mjadala. Mgonjwa wa kundi O akiwekewa damu ya kundi A anaweza kufa, na kiasi kidogo tu kinatosha kuanzisha madhara. Ningependekeza, ukiacha hali za dharura, kwamba mgonjwa ambaye kundi lake halijawahi kurekodiwa achukuliwe sampuli mbili kwa nyakati tofauti kabla ya kupewa damu ya kundi lake. Najua itaongezeka gharama ya chupa, na bado naona ni bei ndogo.

Baada ya jina ni chupa zenyewe, na hapa naomba uniwie radhi nikiingia ndani kidogo. Chupa ya zambarau, tunayoitumia kwa picha kamili ya damu, ina EDTA, ambayo kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu na huzuia damu isigande kwa kuinasa kalsiamu. Mhudumu akishaijaza hiyo kisha akahamia chupa nyekundu, tunayopimia madini kama potasiamu, au mbaya zaidi, akiona chupa nyekundu imepungukiwa akaimiminia damu kutoka kwenye ya zambarau, mashine itasoma potasiamu ya juu sana na kalsiamu ya chini sana, ambazo mgonjwa hana. Kiwango cha kawaida cha potasiamu ni takriban milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Daktari akiletewa 7 hana budi kuhofia moyo kusimama, na anaweza kuanza kumtibu mgonjwa ugonjwa ulioanzia kwenye trei ya sampuli. Katika mji ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, na ambao wagonjwa wake wa figo huishi kwa kuitazama namba hiyo, sioni sababu ya kuendelea kuibahatisha.

Mpangilio wa kujaza chupa unajulikana na hauhitaji fedha: kwanza chupa za kuotesha vijidudu, kisha ya buluu, nyekundu au ya njano, kijani, zambarau, na mwisho ya kijivu. Ya buluu ijazwe hadi kwenye alama, kwa kuwa dawa iliyomo imepimwa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, na ikipungua, kipimo cha kuganda kwa damu hupotoka. Chupa zenye dawa zigeuzwe polepole mara kadhaa, zisitikiswe, kwa maana kutikisa hupasua chembe nyekundu na kumwaga tena ile potasiamu iliyokuwa ndani yake. Kuisukuma damu kwa nguvu kutoka kwenye bomba la sindano kupitia sindano nyembamba huleta madhara yale yale.

Mpira wa kufungia mkono nao una kosa lake. Hufungwa, kisha mhudumu huanza kutafuta pamba, glavu na chupa, huku mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi. Mpira usikae zaidi ya dakika moja, na ngumi ikunjwe tu bila kukunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara, kwa kuwa vyote viwili hubadilisha majibu. Mkono wenye dripu usichukuliwe damu. Mgonjwa anayewekewa maji ya glukosi akichomwa juu ya dripu hiyo ataambiwa ana kisukari.

Ngozi isafishwe kwa spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30 na iachwe ikauke sekunde nyingine 30, na ikishasafishwa isiguswe tena kwa kidole kutafuta mshipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 unakataza pamba zilizolowekwa kwenye kopo, maana zinachafuliwa na mikono inayozichovya kutwa nzima. Makopo hayo bado yapo mezani katika vituo vyetu.

Kuhusu usafirishaji niseme machache. Sampuli zinazotoka Chemba, Bahi au Mpwapwa kwa pikipiki katika joto la Oktoba na Novemba, linalopita nyuzi 30, haziwezi kufika zikiwa kama zilivyotoka mkononi. Sukari kwenye damu ambayo haijatenganishwa, yaani majimaji yake hayajatengwa na chembe, hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, hata mgonjwa wa kisukari akaonekana mzima. Wapo wanaodhani dawa ya joto ni kuweka chupa kwenye barafu, lakini damu isiyotenganishwa ikipozwa sana huvujisha potasiamu vilevile. Dawa ni kuitenganisha mapema pale pale kituoni, na saa ya kuchukua damu ikiandikwa kwenye lebo, anayepokea ataweza kuikataa iliyochelewa.

Sijamsahau mhudumu. Anayefunika tena sindano kwa mikono miwili baada ya kuitumia anacheza na virusi vya homa ya ini ya aina B, ambavyo kwa asiyechanjwa hatari yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya virusi vya UKIMWI. Sindano iende moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, iliyo karibu na mkono, na boksi lifungwe likifika robo tatu badala ya kushindiliwa. Akijichoma, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua jeraha, atoe taarifa, na aanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema awezavyo, ndani ya saa 72. Wengi hawatoi taarifa kwa kuogopa karipio, au kwa kuogopa kupimwa na wenzao wa meza moja, na hofu hiyo haitatibiwa kwa bango ukutani. Wanaojeruhiwa wakasahaulika kabisa ni wahudumu wa usafi wanaobeba mifuko ya taka, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambao Dodoma kama mji wa vyuo inao wengi.

Kwa hiyo ninaiomba ofisi yako mambo ambayo mengi yake hayahitaji bajeti mpya. Agiza kila maabara ya mkoa iwe na daftari la sampuli zilizokataliwa, likionyesha wodi ilikotoka, sababu na jina la aliyechukua, na lisomwe kila mwezi katika kikao kimoja kinachokaliwa na wauguzi pamoja na watu wa maabara, kwa nia ya kufundishana. Likigeuzwa kuwa daftari la adhabu, sampuli mbovu zitaanza kupokelewa kimyakimya. Timu zako za usimamizi zinapotembelea vituo, zisiishie ofisini kukagua mafaili, bali zikae pembeni ya kiti cha kutolea damu na kutazama wagonjwa wachache wakihudumiwa, kwa ridhaa yao. Mwanafunzi asiachiwe kuchoma peke yake mpaka mtu mwenye jina na sahihi amethibitisha kwamba anaweza. Chanjo kamili ya homa ya ini B iwafikie wote wanaogusa sindano, pamoja na wafanya usafi walioajiriwa na wakandarasi, ambao huwa hawamo kwenye orodha za watumishi wa afya.

Nipo tayari kukaa na watu wako bila malipo kutengeneza ukurasa wa daftari hilo, na ningependekeza tuanze na wodi za wazazi na watoto, kwa kuwa huko ndiko damu huombwa kwa haraka na fomu hujazwa nusu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Dodoma.